Kijiko cha Klorini

Kila asubuhi, kabla ukungu haujainuka juu ya vilima vya Butembo, mashariki mwa Kongo, Jemima alikuwa ameshapanga foleni bombani na bidoni, dumu lake la njano. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mtoto wa kwanza, na mtoto wa kwanza wa Mama Emérence hakuwa na ruhusa ya kuchelewa. Akirudi na maji alimwamsha mdogo wake Bénie, mwenye miaka sita na usingizi wa pono, akamwosha uso, akamvalisha sare, kisha wakashuka pamoja barabara ya vumbi jekundu kwenda shule. Baba yao, Papa Éliakim, alikuwa akishinda Lubero kununua viazi vya kuuza, kwa hiyo siku nyingi za juma walibaki watatu tu nyumbani.

Mama Emérence alifanya kazi ya usafi katika kituo cha afya cha mtaa wao. Kazi yake ya kwanza kila siku ilikuwa kuchanganya maji ya klorini, ile poda nyeupe ambayo watu wa huko huiita klore. Ndoo ya kwanza ilikuwa ya kunawia mikono, nayo aliitilia kijiko kimoja tu. Ndoo ya pili ilikuwa ya sakafu na vyombo vya wagonjwa. Hiyo ilipata vijiko kumi, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuigusa bila glovu. Jemima alikuwa amemtazama mama yake akipima poda hiyo mara nyingi, siku alizokwenda kumsaidia kubeba maji.

Jumanne moja mhamasishaji wa afya alifika darasani kwao kueleza habari za mpox, ugonjwa uliokuwa umeingia katika jimbo lao. Aliwaonyesha picha za watu wenye vipele usoni na viganjani. Alisema pia kwamba anayewahi kituoni hutibiwa na wengi hupona, lakini watoto ni watoto: waliondoka na picha wakayaacha maneno. Hadi kengele ya kwenda nyumbani walikuwa wanakaguana viganja na kukimbiana uani.

Kesho yake asubuhi, akiwa bombani, Jemima alijipangusa jasho kwenye paji la uso, na kidole chake kikakutana na kipele. Akapapasa tena, akakuta cha pili. Kando ya pua kulikuwa na cha tatu, kigumu na chenye maumivu. Bidoni ilimponyoka, na wanawake wa foleni wakamgombeza kwa kumwaga maji ya watu.

Huenda wewe unayesoma una umri kama wake na unacheka, kwa sababu unavijua vipele hivyo na umeshavitumbua viwili vitatu mbele ya kioo. Jemima hakucheka. Mwaka 2019, alipokuwa na miaka saba, familia yao iliishi Beni, na Ebola ilikuwa ndani ya mji. Mama yake mdogo Vagheni, aliyekuwa akimsuka nywele kila Jumamosi, aliugua. Gari jeupe likaja na watu waliovaa nguo za plastiki kuanzia kichwani hadi miguuni. Walimbeba Vagheni, wakapiga nyumba nzima dawa yenye harufu kali, wakaenda zao. Vagheni hakurudi. Alipouliza, wakubwa walimjibu kwamba gari lilimchukua, na hawakuongeza neno. Tangu siku hiyo Jemima alijua mambo mawili, au alidhani anayajua: kwamba anayechukuliwa na gari harudi, na kwamba klorini huua kila ugonjwa.

Siku ile darasani hakusikia hata neno moja la mwalimu. Aliinamisha kichwa juu ya daftari na kuwaza. Akimwambia mama, mama atamwambia muuguzi, muuguzi ataita gari. Hapana, alijisemea, kipele hakitaonwa na mtu. Nitakiua mwenyewe kabla hakijajulikana.

Mchana alipita kituoni kumsaidia mama kubeba maji, kama kawaida yake. Mama alipotoka kuanika mashuka, Jemima aliingia chumba cha vifaa, akafungua kopo la klorini, akachota poda na kuifunga katika karatasi aliyoichana kwenye daftari la hesabu. Nyingine ilimwagika sakafuni, naye akaipangusa kwa soksi. Nyumbani alijifungia bafuni, akatia nusu kijiko katika kikombe cha maji, akachovya kitambaa, akakibandika usoni.

Hebu pima mwenyewe. Ndoo nzima ya pili, ile isiyoguswa bila glovu, ilipata vijiko kumi kwa lita ishirini. Jemima alitia nusu kijiko katika kikombe kimoja cha chai. Aliyekuwa akifanya vizuri katika hesabu darasani, siku hiyo hofu ilimnyima hesabu.

Uso ulimwasha, kisha ukamchoma, na machozi yakamtiririka. Aliuma meno akahesabu hadi mia, kwa kuwa aliamini kwamba dawa isiyouma haifanyi kazi. Alhamisi alirudia asubuhi na jioni. Vipele havikuondoka, ila ngozi iliyovizunguka ilianza kukauka, kukakamaa na kubanduka vipande vipande. Chini ya vipande hivyo palikuwa peupe kidogo, pana rangi ya waridi.

Ijumaa rafiki yake Elsa, ambaye dada zake wakubwa walijipaka kila mélange, mafuta ya kuchanganya ya kubadili rangi, yanayouzwa sokoni, alimkazia macho wakati wa mapumziko.

"Ma chérie, unaanza kuwa brune," alimwambia kwa sauti ya chini. "Unapakaa mélange gani? Usinifiche."

Kwa dakika moja Jemima alisahau woga wake. Hakuwa amewahi kusifiwa uso, sembuse kuitwa brune, mweupe wa ngozi. Alitabasamu, ingawa kutabasamu kuliuma, akasema hapaki kitu. Lakini jioni ile, badala ya kuacha kama alivyokuwa amepanga, aliongeza poda. Sasa alikuwa na sababu mbili, na ya pili aliionea haya kuliko ya kwanza.

Jumamosi aliamka na macho hayafunguki vizuri. Yalikuwa mekundu, yanatoka maji. Paji la uso na mashavu vilikuwa na malengelenge, na palipopasuka palitoa maji. Alijifunga kitenge kichwani, akakishusha hadi kwenye nyusi, akatoka uani kwa kuinama. Mama alikuwa akichochea moto wa uji. Alimwita mara moja, mara mbili, kisha akamfuata na kukivuta kile kitenge.

Mama Emérence hakupiga kelele. Alirudi nyuma hatua moja. Ilikuwa hatua ndogo tu, ya mtu anayefanya kazi katika kituo cha afya na anayejua kanuni, lakini Jemima aliiona, na moyo wake ukavunjika hapo hapo. Mama yake mzazi alikuwa anamwogopa.

"Jemima, ulipakaa nini ku uso?" mama aliuliza.

"Hapana kitu, mama."

"Hapana kitu kabisa?"

"Hapana. Ilitoka tu yenyewe."

Uongo ule ulimtoka kabla hajaufikiria. Aliwaza kopo la klorini, akawaza kwamba mwanamke mwingine wa usafi alifukuzwa kazi mwaka uliopita kwa kuondoka na glovu za kituo. Akisema kweli, mama atapoteza kazi. Akinyamaza, gari litakuja. Alinyamaza, maana gari bado lilikuwa mbali na mama alikuwa mbele yake.

Walikwenda kituoni kwa miguu. Mama hakutaka wapande pikipiki, wasije wakamwambukiza dereva. Alitangulia mbele, Jemima nyuma, na Bénie katikati, ambaye alikatazwa kumshika dada yake mkono na hakuelewa kwa nini. Majirani waliokuwa wakifagia mbele ya nyumba zao walisimama na kutazama. Mmoja alimwita mtoto wake aingie ndani.

Muuguzi mkuu wa kituo, Mama Hulda, alikuwa mwanamke mfupi, mpole, asiyependa maneno mengi. Alivaa glovu na barakoa, akampima Jemima joto, akamtazama macho na uso kwa mbali kidogo. Aliuliza swali lile lile ambalo Jemima aliulizwa nyumbani, naye akapata jibu lile lile. Kisha akamgeukia Bénie. Walilala kitanda kimoja? Ndiyo, mama alijibu. Bénie alikuwa na kiuvimbe mkononi, pengine cha mbu, pengine si cha mbu. Mama Hulda alikitazama kwa muda mrefu mno. Akasema hana la kufanya, kanuni ni kanuni, wote wawili wataingia chumba cha nyuma na yeye atapiga simu kwa wakubwa wa afya wa eneo ili watume gari lije kuwachukua.

Wote wawili. Jemima hakuwa amefikiria hilo hata kidogo.

Chumba cha nyuma kilikuwa na vitanda viwili vyenye magodoro ya plastiki na dirisha dogo la kioo. Mlango ulifungwa kwa nje. Bénie alikaa kwenye kitanda cha pili, miguu ikining'inia, akakikuna kile kiuvimbe chake. Hakulia mwanzoni. Alisema ana njaa, kwa sababu waliondoka kabla ya uji. Halafu akauliza tena na tena gari hilo lina rangi gani, na kama mama ataingia nao. Mbele ya macho yake Jemima aliona mgongo wa Vagheni ukiingia ndani ya gari jeupe.

Alisogea dirishani. Nje, kwenye njia ya saruji waliyopitia, mama yake alikuwa amevaa buti na glovu za kazi. Pembeni yake ilikuwa ndoo ya pili. Alikuwa akiosha nyayo za watoto wake, mahali walipokanyaga, hatua kwa hatua kwa maji ya dawa, kama alivyofundishwa kuosha nyayo za wagonjwa wote. Alifanya kazi bila kuinua kichwa. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na kila baada ya hatua mbili alisimama kujipangusa uso kwa mkono wa nguo. Harufu ya klorini iliingia kwa upenyo wa dirisha, na uso wa Jemima ukaanza kuwaka upya.

"Yaya," Bénie alisema nyuma yake, kama wa huko wanavyomwita dada mkubwa, na sasa alikuwa analia. "Bataturudisha kwetu?"

Jemima aligonga kioo kwa ngumi zote mbili. Mama aliinua kichwa. Mama Hulda, aliyekuwa na simu sikioni, alikuja hadi karibu na dirisha akasimama.

"Mama Hulda, ni klore," Jemima alisema, na maneno yalimtoka kwa kwikwi. "Nilibeba klore ya kazi ya mama, nikajipakaa ku uso, juu ya bipele. Siku tatu. Mama hakujua. Bénie hana kitu. Mumuache arudie ku nyumba."

Mama Hulda alishusha simu polepole. Akamuuliza ni kiasi gani, na alichanganya na maji kiasi gani, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Jemima alieleza kila kitu, na soksi aliyopangusia sakafu pia. Aliposema nusu kijiko katika kikombe cha chai, mama yake alikaa chini pale pale kwenye saruji yenye maji.

Usidhani mlango ulifunguliwa mara moja. Mama Hulda aliwaambia wakubwa wake ukweli huo mpya, nao wakasema watakuja hata hivyo kuhakikisha. Wakati wa kusubiri aliingia akamwosha Jemima uso na macho kwa maji safi mengi, kikombe baada ya kikombe, hadi kanga ya mama aliyojifunika mabegani ikalowa yote. Gari lilipofika saa nne, Jemima alijibana kwenye kona. Alishuka daktari kijana, akavaa glovu, akamkagua viganja, nyayo, shingo na makwapa, akamkagua na Bénie. Hakukuwa na homa wala tezi zilizovimba. Alisema vipele ni vya ujana, majeraha ni ya klorini, na mkono wa Bénie ni mbu. Kisha akaingia katika gari lake jeupe, akaondoka bila kumchukua mtu.

Jemima alilitazama hadi likapotea barabarani. Alimwambia mama yake, kwa sauti ndogo, kwamba alidhani litambeba kama lilivyombeba Vagheni. Mama Emérence aliutazama mkono wa binti yake aliokuwa ameushika.

"Gari haikumuua Vagheni," alisema hatimaye. "Ni sisi tulimuficha. Siku tano tulimuficha ndani ya chumba, tunasema iko malaria tu, sababu tuliogopa kama weye. Wakati gari ilifika alikuwa ameisha choka sana. Jirani wetu alikwenda na gari siku ya kwanza, na alirudia kwake muzima. Weye ulikuwa mutoto, tulikuambia maneno ya gari. Zile siku tano hatukukuambia."

Alilia aliposema hivyo, na Jemima alilia naye, na Bénie akalia kwa kuwa wengine wanalia na kwa kuwa bado hajanywa uji.

Mama Hulda aliwaacha wamalize, kisha akaleta kiti akakaa. Kuhusu kazi, alisema mama hatafukuzwa kwa kosa asilolijua, lakini kuanzia siku hiyo ufunguo wa chumba cha vifaa utakaa kwake, na Jemima atakuja kila Jumamosi kwa mwezi mzima kubeba maji ya kituo. Jemima alikubali haraka. Kisha muuguzi alimwinua kidevu kwa kidole kimoja akaanza kumweleza habari za uso wake, na safari hii Jemima alisikia kila neno.

Alimweleza kwamba vipele hivi huja kwa karibu kila msichana na mvulana anapokua, kwa sababu ngozi yenyewe inaanza kutoa mafuta zaidi, na si uchafu wala aibu. Uso huoshwa asubuhi na jioni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, si ile ya kufulia nguo, kwa viganja tu bila kusugua. Hukaushwa kwa kuugusa taratibu na taulo safi ya mwenyewe, halafu mafuta mepesi kidogo. Mafuta ya nywele yasishuke kwenye paji la uso, maana ndiyo yanayoziba vitundu vya ngozi. Kipele hakitumbuliwi. Ngozi nyeusi ni ngozi imara, alisema, lakini inakumbuka: ukiijeruhi inaacha doa jeusi kwa miezi mingi. Wakati huu Jemima angepaka vaselini tu kwenye majeraha na kuvaa kofia juani.

"Na ile mélange ya soko," Mama Hulda aliongeza, "iko ndugu ya klore yako. Inaunguza ngozi pole pole, ndiyo maana watu hawaoni haraka. Mungu hakukosea rangi yako, mutoto yangu."

Ilichukua wiki tatu majeraha kufunga. Madoa meusi yalibaki kwenye mashavu na paji la uso, na Jemima alirudi shuleni nayo, akiogopa kila jicho. Elsa alimuuliza kilichotokea. Jemima alimweleza yote, hata ile sehemu ya kufurahia kuitwa brune. Elsa hakucheka. Siku iliyofuata alikuja na sabuni ya mtoto akauliza kama hiyo ndiyo laini.

Mwezi wa pili baada ya hapo, asubuhi ya Jumapili, familia ikijiandaa kwenda kanisani, Jemima aligusa kidevu chake akakuta kipele kipya, kikubwa. Moyo ulimpiga kama siku ile bombani, maana hofu haimtoki mtu kwa siku moja. Alisimama bafuni kidogo. Kisha alitoka moja kwa moja hadi uani, mahali mama yake alipokuwa akimfunga Bénie viatu.

"Mama, kumetoka kingine. Minaogopa."

Mama Emérence hakurudi nyuma. Alimvuta karibu, akamgeuza uso upande wa jua, akakitazama kile kipele vizuri, akamtazama na viganja.

"Ni kipele tu," alisema. "Tukiona kinageuka, tutakwenda kwa Mama Hulda, mi na weye. Na usikie maneno yangu, Jemima. Woga si zambi, mimi pia niko nayo. Ila woga ukiuficha peke yako, unakupa akili ya mubaya: mimi ulinipokonya mudogo wangu, weye ulikuunguza uso. Siku unaogopa sana, ile ndiyo siku ya kusema mbio. Sasa nenda unawe uso, na maji tu na sabuni, tusichelewe."

Jemima alikwenda kunawa.